Manyasi Yaliyotoka Ziwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la maji, chupa ya diseli na maneno ya kejeli. Ilikuwa Bukoba, gatini, Uhuru ukiwa bado mpya na sisi vijana tuliotoka shule za misheni tukiamini kwamba kila kiti kilichoachwa na Mzungu kilikuwa kinatungoja sisi. Mkuu wa Gati alikuwa mtu mfupi kutoka Ukerewe, aliyekulia kwenye meli za ziwani. Alinitazama viatu, kisha akanitazama usoni.

“Jina?”

“Deusdedit, Bwana Mkuu. Natoka Kishanda.”

“Nyinyi wa misheni mnajua kusali. Haya, dondosha tone moja la mafuta humo ndani.”

Nikadondosha. Tone likakaa kidogo kama linafikiri, kisha likatanda beseni zima, rangi zikicheza juu yake. Akaniuliza kama nimeona, nikajibu nimeona. “Sasa lirudishe chupani,” akasema. Nilijaribu kwa kiganja, nikajaribu kwa kijiko, nikajaribu kwa leso yangu mpya, mpaka wapagazi wakaacha mizigo yao kuja kunicheka. Alipochoka kucheka na yeye, akaniambia jambo ambalo nimeishi nalo hadi leo: “Kazi ya mafuta iko kabla hayajamwagika. Yakishamwagika, utahangaika tu.”

Nawaandikia vijana wa siku hizi kwa sababu nimesikia mnafundishwa kazi hii darasani, kwa picha za bahari kubwa na meli kubwa. Ni vizuri. Lakini sisi tuliifanya kwenye ziwa ambalo watu walilinywa. Mwanamke wa mjini alishuka na ndoo, akateka, akapanda nayo nyumbani. Kwetu mafuta majini yalikuwa na maana hiyo moja, nayo ilitosha kumkosesha mtu usingizi.

Pale Bukoba mafuta yalikuja kwa mapipa, mengine ndani ya meli za mizigo na mengine juu ya matishari, yaani yale majahazi mapana yasiyo na injini yanayovutwa na meli. Kila pipa lilikaguliwa kizibo kabla halijaguswa. Liliviringishwa juu ya mbao, kizibo kikielekea juu kila liliposimama, na chini ya kila mahali pa kuunganishia mabomba tuliweka sinia la bati la kukingia matone. Kuzunguka bohari tulichimba mfereji, ili pipa likipasuka mafuta yaishie humo yasifike ufukweni. Mkuu wa Gati alipita kila asubuhi akinusa. Akisikia harufu ya mafuta mahali isipotakiwa, chai ya siku hiyo hukunywa.

Ni yeye pia aliyenifundisha uzio wa migomba. Vitabu vilivyoletwa ofisini vilionyesha maboya ya mpira ya kuzungushia mafuta yasisambae, lakini maboya hayo hatukuwa nayo. Mkuu wa Gati alikata mashina ya migomba iliyokwisha kuzaa, akayafunga moja baada ya jingine kwa kamba ya katani, na upande wa chini akashonea magunia ya kahawa yaliyotiwa mawe ili yaning'inie ndani ya maji. Shina la mgomba linaelea vizuri kuliko ubao. Mafuta yakifika pale yanasimama, maji yanapita chini. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Bilele wakati huo, na jioni nilikuwa nikifanya mazoezi ya kushona magunia hayo mlangoni, majirani wakiniuliza kama nimeacha kazi ya serikali nikawa fundi cherehani.

Baada ya Azimio, shirika letu likawa mali ya umma na mimi nikahamishiwa Kemondo kuwa Msimamizi wa Upakuaji. Jina la shirika sitaliandika. Lilikwisha kufa, nami sina hamu ya kulifufua. Kule Kemondo mafuta yalikuja ndani ya mabehewa yaliyobebwa na meli yenye reli tumboni, na tuliyanyonya kwa pampu kupitia mpira mnene mpaka kwenye matangi ya depo. Mengine yalikuwa diseli. Mengine yalikuwa mafuta mazito, meusi, ya kuchomea boila za viwanda. Hayo mazito ndiyo niliyoyaogopa. Diseli hupungua kwa jua na upepo, lakini mafuta mazito hukaa.

Nilifurahi kuhamia huko kwa sababu nyingine. Dada yangu mkubwa, Kemilembe, alikuwa ameolewa kijiji cha pale juu ya gati, na alikuwa mjane. Mumewe alizikwa kibanjani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kama ilivyo desturi yetu, katikati ya migomba na kahawa aliyoachiwa na babu zake. Mtoto wao wa kiume, Fortunatus, alikuwa bado shuleni. Ukoo ulimruhusu dada abaki na kukitunza kibanja mpaka mtoto akue akabidhiwe, lakini ruhusa ile ilikuwa na jicho juu yake. Shemeji yake mkubwa, Mzee Laurean, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo, alikuja kila mwaka kabla ya Noeli kukikagua. Kibanja kikidhoofika, mjane angerudishwa kwao. Dada alilijua hilo kila alipoamka. Sijawahi kuona mwanamke akifanya kazi kama alivyofanya yeye.

Meneja wa Depo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi ninapomkumbuka. Alikuwa mwanachama hodari wa Chama, msafi, mpole kwa wafanyakazi, na alijua hotuba. Nilimwonyesha kwamba mpira wa kupakulia ulikuwa umeanza kuvimba karibu na kiungo. Niliupaka rangi nyekundu pale ulipovimba ili asiseme hakuuona.

“Bwana Deusdedit,” akaniambia, “mpira huu ni mali ya wananchi. Tutautumia mpaka mwisho wake. Huko ndiko kujitegemea.”

“Mwisho wake utakuwa ziwani, Meneja.”

“Acha uchuro. Agizo la mpira mpya limekwenda.”

Labda lilikwenda kweli. Miaka ile vitu viliagizwa na havikuja, na mtu hakuweza kujua ni nani wa kulaumiwa. Mimi nilifanya nilichoweza. Nilimweka mtu kwenye vali ya behewa, mkono wake usitoke pale wakati wote wa kupakua, na mwingine akiwa na bendera aliyeweza kuonwa na mwendesha pampu. Uzio wa migomba nilikuwa nao tayari, umelazwa ufukweni chini ya makuti.

Mpira ulipasuka asubuhi, pale pale penye rangi nyekundu. Mwenye bendera alipunga, vali ikafungwa, pampu ikazimwa, kila mmoja alifanya kama alivyofundishwa. Lakini yaliyokwisha kutoka yalikuwa mengi, na yalikuwa yale mazito. Yakatanda kando ya gati, meusi, mazito, hayana hata zile rangi za upinde wa mvua. Upepo wa asubuhi ulikuwa bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani, nami nilijua mchana ungegeuka na kuyasukuma mafuta mpaka mahali wanakijiji walipokuwa wakiteka maji. Tukauburuta uzio kwa mitumbwi, tukayazingira.

Meneja akataka tumwage dawa. Kulikuwa na mapipa ya dawa inayofanana na sabuni, iliyotoka makao makuu, ya kuyavunja mafuta yasionekane.

“Meneja, dawa hii haiyaondoi. Inayazamisha tu, na watu wanakunywa hapa,” nikamwambia.

Hapo alinisikiliza, na kwa hilo nampa haki yake. Basi nikaomba manyasi.

Mwenyekiti wa kijiji akapiga ngoma. Ilikuwa mvua za vuli ziko karibu, wakati ambapo kila nyumba ya Kihaya imekwisha kukata manyasi kule rweya, yaani kwenye mbuga ya wazi nje ya vibanja, na kuyaweka tayari. Kwa asiye mtu wa kwetu nieleze kidogo. Mhaya hatupi manyasi. Yanatandikwa ndani ya nyumba wageni wakija, na yanatandazwa kibanjani yafunike udongo, yahifadhi unyevu, yaoze yawe mbolea. Kibanja chenye udongo mtupu ni aibu, sawa na kumkaribisha mgeni kwenye sakafu isiyofagiwa. Watu wale walishuka na mafungu waliyojikatia kwa ajili ya migomba yao, wakayamwaga ziwani kwa sababu walielezwa kwamba ndiyo kujenga taifa. Dada Kemilembe alishuka na mafungu mengi kuliko wote, akiimba.

Manyasi makavu yanaelea na yanakunywa mafuta. Tuliyatandaza ndani ya uzio, tukayaacha yanywe, tukayavuta kwa reki na nyavu kuukuu mpaka ufukweni, tukatandaza mengine. Kazi iliendelea siku kadhaa. Mwishowe maji yalionekana tena kuwa maji, na mahali pa kutekea hapakuguswa. Meneja alinishika mkono mbele ya watu, nami nilikuwa na furaha, siwezi kusema sikuwa nayo. Nilidhani nimelirudisha tone chupani.

Ila lilibaki lile lundo. Lilikuwa kubwa kama nyumba, jeusi, linanuka, limekaa pembeni ya gati. Nilikwenda kwa Meneja kuomba mambo mawili: lori la kuyahamisha, na ruhusa ya kuchimba shimo mbali, sehemu yenye udongo wa mfinyanzi, tuyachome humo.

“Moto karibu na matangi? Haiwezekani.”

“Ndiyo maana naomba lori, Meneja.”

“Lori halina tairi. Ngoja.”

“Watu watayachukua.”

Akacheka. “Wakiyachukua si watakuwa wametusaidia kusafisha?”

Kisha akanituma Bukoba kwa wakubwa nikawaeleze jinsi tulivyolinusuru ziwa. Nilimwomba mlinzi asimame kwenye lundo mpaka nirudi. Nilikuta mlinzi yupo amesimama, na lundo halipo. Aliniambia kwamba asingeweza kuwazuia watu kuchukua manyasi yao wenyewe waliyoyakata kwa mikono yao.

Njia ya kupanda kijijini ilikuwa na matone meusi, kama damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Niliyafuata. Kila njia ndogo iliyoingia kibanjani mwa mtu ilikuwa na matone yake, lakini yaliyo mengi yaliendelea mbele, na mimi nikayafuata huku nikijua yanakokwenda. Yaliishia kwa dada.

Alikuwa ameinama, anatandaza. Alikuwa amefunika karibu kibanja chote, na kuzunguka mashina bora, yale makubwa ya karibu na nyumba na ya karibu na kaburi la mumewe, alikuwa ameyapanga manene kabisa.

“Dada, haya umeyatoa gatini?”

“Kwani ya nani, Deusi? Si ndiyo tuliyokata? Mlikuwa mnayaacha yanaoza pale bure.”

“Yana mafuta.”

“Ndiyo niliyoyapendea!” Akainuka, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akanicheka. “Funza huyu anayetumalizia migomba, ataivumilia harufu hii? Kila mtu amechukua, ila mimi niliwahi.”

“Dada, tuyatoe. Tuyatoe leo.”

“Mawe, mama yangu! Umekunywa rubisi huko mjini?” Alipoona sichekeshwi, akashusha sauti. “Sikiliza. Mwaka jana Laurean alikuta udongo uko wazi pale pembeni, akasema ndugu yake ameacha mjane mvivu. Akija mwaka huu atakanyaga manyasi mpaka kwenye kifundo. Fortunatus bado kidogo tu akue. Waitu, ndugu yangu, usinivunjie kazi yangu.”

Nilimbembeleza mpaka akakubali, shingo upande, tukaanza kuyakusanya. Tulipofika kwenye mashina makubwa mvua ikashuka, ile mvua ya kwanza ya vuli isiyo na mzaha. Maji yaliyopita chini ya manyasi yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na juu yake niliona zile rangi nilizoziona kwenye beseni. Yalizama mizizini mbele ya macho yetu. Dada aliyatazama, akaendelea kukusanya peke yake.

Jumapili nilisimama nje ya kanisa baada ya Misa nikawaambia wote wayatoe manyasi yale. Mtu mmoja akanijibu, na watu wakacheka, “Bwana Mafuta, yakiwa ziwani mlitupigia ngoma. Yakiwa kwetu mwatuzomea?” Wachache waliyatoa. Wengi walikuwa wametandaza kidogo kidogo, wakapoteza shina hapa na pale, wakanyamaza. Dada alikuwa ametandaza kwa bidii. Aliyefanya kazi kuliko wenzake ndiye aliyeumia kuliko wenzake, na mimi hadi leo sijapata maelezo ya jambo hilo, hata kwa padri.

Migomba haifi kwa siku moja. Majani yalianza kugeuka njano pembeni, kisha mkungu mchanga ukadondoka pamoja na mgomba wake, mizizi ikiwa imelainika kama ndizi iliyooza. Ukafuata mwingine. Kahawa ikapukutisha. Machipukizi yaliyotoka yalitoka yamekunjamana. Nilipata vibarua tukachimba udongo kuzunguka mashina na kuutupa, tukaleta mwingine. Kadiri tulivyochimba ndivyo tulivyokuta harufu ile chini zaidi.

Nilikwenda kwa Meneja kwa mara ya mwisho. Nilimwomba aje mbele ya ukoo aseme neno moja tu, kwamba kibanja kimeuawa na mafuta ya depo.

“Nitakupa pole kwa moyo wote,” akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli. “Lakini nikienda kusema hivyo, nimekiri kosa kwa niaba ya shirika. Kijiji kizima kitapanga foleni hapa.”

“Ni mjane mmoja, Meneja.”

“Hakuna mjane mmoja, Bwana Deusdedit.”

Kwa hiyo nilikwenda mimi. Ukoo ulikaa uani kwa dada, mbele ya mashina yaliyolala. Nilieleza mpira, nikaeleza mafuta mazito, nikaeleza jinsi yanavyoziba pumzi ya mizizi. Mzee Laurean alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

“Mafuta yalimwagika ziwani,” akasema. “Sote tuliona mkiyatoa, tukasikia redioni mkipongezwa kwamba yameisha. Sasa unaniambia yako hapa?”

“Yako hapa, mzee.”

“Wewe ni ndugu yake. Ungesema nini kingine? Mimi naona kibanja cha marehemu kimefia mikononi mwa mkewe.”

Wakaamua arudi kwao. Dada hakujitetea. Aliuliza tu kuhusu Fortunatus. Wakamwambia mtoto ni wa ukoo, atapewa kipande rweya akikua, aanze mwenyewe. Kila mtu pale alijua maana ya kuanza rweya: udongo mwembamba, manyasi matupu, miaka na miaka ya mbolea kabla mgomba haujasimama. Fortunatus hakuanza. Alikwenda Mwanza kutafuta kazi, akaandika mwanzoni, kisha akaacha.

Mimi nilipandishwa cheo. Wakubwa walikuja, wakaonyeshwa maji safi, wakapiga picha na uzio wa migomba. Nikafanywa Mkaguzi wa Usalama wa Mafuta kwa mwambao wote wa upande wetu, wakati huo mkoa ukiitwa bado Ziwa Magharibi, na nikashika cheo hicho mpaka ulipobadilishwa jina na mpaka nilipostaafu. Kila gati nililokwenda niliwapa vijana beseni na chupa. Kila gati niliwaambia: shimo lichimbwe kabla, lori lijulikane kabla, manyasi yakitoka majini yasilale hata usiku mmoja bila ulinzi. Waliandika vizuri sana. Niliporudi nilikuta beseni linafuliwa nguo na shimo halijachimbwa. Baada ya vita vya mpakani mafuta yalimwagika tena mahali pengine, kidogo tu. Nikakuta lundo jeusi ufukweni na wanawake wanatoka nalo vichwani, wananisalimu kwa heshima, wakinipisha njia.

Mnaniomba niwape neno la kuwatia moyo. Sina. Nilifanya kazi kwa uaminifu, nilijua nilichokuwa nakifanya, ziwa lilisalimika, na ninapojumlisha yote naona kwamba tuliyahamisha mafuta tu kutoka mahali pa watu wote tukayapeleka kwa mtu mmoja. Wageni huja hapa Kishanda siku hizi, wasomi wapole, kuuliza habari za uzio na manyasi. Wanasema ni ujuzi wa asili. Wananiuliza yalinyonya kwa muda gani, tuliyavuta kwa zana gani. Bado sijapata aliyeniuliza tuliyapeleka wapi.

Dada Kemilembe anaishi kwangu. Ni mzee sana sasa, lakini kibanja changu ni yeye anayekitunza, na hakuna udongo ulio wazi. Vuli ikikaribia, watu wanamletea manyasi, naye anakaa chini kibarazani na kufungua kila fungu, analishika kwa mikono miwili, analinusa. Akiridhika ndipo analipeleka kwenye migomba. Kazi inakwenda polepole mno, na mwaka jana nilimwambia, kwa upole, “Dada, haya hayana neno. Yametoka rweya.”

Hakuinua kichwa. Alivuta fungu jingine, akalinusa.

“Hata yale, Deusi,” akasema, “yalitoka rweya.”